Mkeka wa jetski ya kusimama: seti, pande zima au raba ya mtaani?

Kazi yangu ya kila siku ni kuvalisha siti na sakafu za magari ya utalii, Unga Limited, Arusha. Jetski, ile pikipiki ya majini, sikuitafuta, ilinifuata. Mteja wangu wa Land Cruiser alifika asubuhi moja akivuta trela, na juu ya trela imelala Yamaha SuperJet ya zamani, nyekundu iliyopauka, sehemu ya kusimamia imebaki faiba tupu yenye mabaka ya gundi nyeusi.

"Fundi, wewe unavalisha sakafu ya gari zima. Hiki kidude cha mita mbili na ushee kitakushinda?"

Nikacheka, nikamwambia aniachie hadi Ijumaa.

Kilinishinda. Nilikata mkeka wa mazoezi, ule wa povu unaouzwa kwa vipande vyenye meno ya kuunganisha, nikaubandika kwa gundi ya kuzibia tyubu, nikajisifu. Jumapili tukashuka Bwawa la Nyumba ya Mungu. Mara ya tatu jamaa anajivuta kupanda kutoka majini, mkeka ukabanduka wote, ukaelea pembeni kama chapati iliyoruka kikaangoni. Mvuvi mmoja akapiga kasia hadi pale, akauokota, akauleta ufukweni ameunyanyua juu kwa mikono miwili: "Bosi, godoro lako hili hapa." Pesa ya watu nilirudisha.

Tangu siku hiyo nimevalisha nyingine saba, na moja nimeivalisha mara mbili. Wenye mashine hizi Arusha na Moshi si wengi. Wanazipeleka Nyumba ya Mungu au wanateremka nazo Tanga, na karibu wote wananiuliza swali moja: ninunue seti iliyokatwa kiwandani, ninunue pande zima nikate, au nitafute kitu hapahapa mjini? Nitalinganisha hayo matatu, lakini nitakaa zaidi kwenye gundi, kwa sababu katika mikeka yote niliyowahi kuiona imeharibika, ni mmoja tu ulioharibika kwa kosa la mkeka wenyewe.

Mashine yenyewe inataka nini

Jetski ya kukaa ina siti. Mkeka wa miguuni ni starehe, ukibanduka unaendelea na safari. Ya kusimama haina pa kukaa. Unaanza ukiwa umelala majini nyuma yake, umekamata usukani, unajivuta, unapandisha viwiko na kifua juu ya trei, kisha goti moja, kisha la pili, ndipo unyayo. Trei ndiyo ile sehemu ya wazi huku nyuma, imezungukwa na kingo mbili za pembeni, na mwisho wake uko wazi ili maji yatoke.

Kwa hiyo mkeka haukanyagwi tu. Unakwaruzwa na magoti, unavutwa na viwiko, unasukumwa na mwili uliolowa wenye jaketi la kuokolea. Na mashine ikiondoka kwa nguvu, miguu yako inataka kubaki nyuma, inauvuta mkeka kuelekea mwisho wa trei. Ukingo wa nyuma kabisa ndio unaoanza kunyanyuka siku zote. Sakafu ya gari haina mateso hayo, na ndiyo maana ujuzi wangu wa miaka haukunisaidia kitu siku ile ya kwanza.

Jambo la pili ni mwili wa mashine. Kawasaki walianza kuuza jetski za kusimama mwaka 1973, Yamaha wakaleta SuperJet mwaka 1990, na tangu hapo miili imebadilika sana. SuperJet peke yake ilibadilishwa mwaka 1996, ikabadilishwa tena 2008, na ile ya 2021 ni mashine nyingine kabisa, ina injini ya viharusi vinne badala ya viwili. Kawasaki SX-R iliyotoka 2017 ina injini ya sentimita za ujazo 1,498 na inakaribia kilo 250. Ukiiweka kando ya SuperJet ya zamani isiyofika kilo 150 utadhani ni mama na mtoto. Trei zao hazilingani urefu wala upana. Shika hilo, litarudi tukifika kwenye seti.

Vya mtaani

Nianze na hivi kwa sababu ndivyo kila mtu anaanza navyo, mimi nikiwamo.

Raba ya vipele, ile inayotandikwa kwenye sakafu za daladala, inapatikana kila mahali na hukatiwa kwa mita. Kwenye jetski haifai. Ni nzito, ikilowa vipele vyake vinateleza, na ukiipigia goti mara kumi unaondoka na alama za mviringo kama umeumikwa. Pia raba ngumu inabishana na mviringo wa kingo za trei; ukiilazimisha ilale, usiku inarudi ilivyokuwa, na gundi inaachia.

Rangi iliyochanganywa na mchanga, au zile tepu zenye mchanga zinazobandikwa kwenye ngazi, zinashika mguu kuliko chochote nitakachokitaja hapa. Tatizo zinashika na ngozi. Kijana mmoja wa Njiro alipaka trei yake yote. Akapanda mara nne, akashuka magoti yamechubuka kama mtoto aliyeanguka na baiskeli kwenye moramu. Kwa anayevaa suti ndefu ya raba na viatu sawa, kwa mtu wa kaptula hapana.

Mkeka wa mazoezi ndio unaodanganya watu zaidi, kwa sababu kwa asili si kitu kibaya. Mikeka ya jetski ya kiwandani ni povu la EVA, na huu wa mazoezi mara nyingi ni EVA vilevile. Hata soli nyingi za ndala na yeboyebo ni za ukoo huohuo. Ni povu la vijumba vilivyofungwa, halinywi maji kama sponji ya godoro. Tofauti ni msongamano wa povu. Wa mazoezi umepulizwa sana hewa, ni mwepesi, ukiubana kwa vidole unanywea. Wa jetski umeshiba, kidole hakizami kirahisi. Ule mwepesi dole gumba la mguu linautoboa, na jua linaupunguza.

Hilo la jua nililijaribu mwenyewe. Nilikata vipande viwili vya sentimita 30, kimoja cha mkeka wa mazoezi, kingine masalio ya mkeka wa jetski, nikachora mipaka yake kwenye ubao na kuuweka ubao nyuma ya kioo cha mbele cha gari lililokuwa linasubiri vipuri. Baada ya wiki mbili kile cha mazoezi kilikuwa kimejikunja pembe na kuacha mpaka wake, penseli inapita kati. Kingine kilikaa palepale. Sasa fikiria kilichobandikwa: povu linataka kupungua, gundi inalizuia, kingo ndizo zinazolipa.

Kitu kimoja tu cha mjini ninachokitumia kwa moyo mweupe ni povu gumu la soli, lile wanalouziwa mafundi ndala kwa mapande. Halina mistari ya kutosha kushika mguu, kwa hiyo siliweki juu. Naliweka chini ya mkeka, mbele ya trei, pale magoti yanapotua. Linafanya kazi ya mto.

Seti iliyokatwa kiwandani

Hii inakuja vipande vyote vimekatwa kwa mfano wa mashine yako: sakafu, kingo za ndani, wakati mwingine na kabari ya nyuma ya kukanyagia. Kingo zake zimenolewa mshazari hivyo mguu haukwami. Nyingi zina gundi tayari kwa chini, unabandua karatasi kama stika. Hydro-Turf ndilo jina utakalolisikia mara nyingi. Mtu mwenye mashine ya miaka ya karibuni, safi, isiyowahi kuguswa na mtu, akipata seti sahihi anamaliza kazi kwa mchana mmoja na inapendeza kuliko yangu. Nakubali bila kinyongo.

Huku kwetu lakini inaagizwa. Bei ya huko ni zaidi ya dola 100, juu yake usafiri, ushuru, na VAT ya asilimia 18. Hayo tisa. Kumi ni kwamba ukikosea mwaka hakuna wa kumrudishia. Niliwahi kuletewa seti iliyonunuliwa Dar na mteja, imeandikwa SuperJet, haikuandikwa mwaka. Tukaitandaza bila kubandua karatasi: sakafu fupi kwa vidole viwili, kingo zinapanda hadi juu ya mdomo wa faiba. Tulipompigia muuzaji jibu lake likawa, "Kaka, hiyo inakaa zote." Haikai zote. Nimekuambia hapo juu miili ilibadilika mara ngapi.

Seti hiyohiyo ilikuwa imekunjwa kwenye mfuko, pengine imekaa stoo muda mrefu. Kwenye mikunjo gundi ilikuwa imekauka, mistari miwili mipana isiyoshika hata kidole. Povu likikunjwa muda mrefu halisahau. Ukiagiza, omba ije imeviringishwa ndani ya bomba au imelala bapa ndani ya boksi, na ikifika usiihifadhi juu ya kabati ukisubiri likizo.

Pande zima

Hili ni povu lilelile la kiwandani, mistari ileile, halijakatwa. Pande la ukubwa wa kama mita 1 kwa mita 1.6 linatosha trei ya SuperJet ya zamani pamoja na kingo, na linabaki kidogo. Linauzwa la aina mbili, lenye gundi ya stika na lisilo na gundi. Chukua lisilo na gundi. Sababu iko mbele.

Bei yake ni nafuu kuliko seti, ila faida iliyonivuta ni nyingine: mashine zinazofika huku ni za mkono wa pili au wa tatu. Zimepasuka zikazibwa, zimeongezwa faiba, mmoja kaweka vishikio vya miguu, mwingine kaviondoa akaacha matundu. Seti ya kiwandani inaijua mashine ilivyotoka Japani. Haiijui ilivyopita Tanga.

Kukata kunaogopwa bure. Ni ushonaji. Natandika magazeti ndani ya trei, nayaunga kwa tepu ya karatasi hadi yanakuwa nguo moja, ndiyo patani, napitisha ukucha kwenye kila kona mpaka alama ionekane, nakata. Nachora mstari wa katikati kuanzia mbele hadi nyuma, kwenye faiba na kwenye patani. Kisha, kabla sijaitoa, naandika JUU kwa kalamu nene kwenye kila kipande. Usiruke hapo. Niliruka mara moja: nikageuza patani ya ukingo wa kushoto bila kujua, nikakata, nikajikuta nina kingo mbili za kulia na mteja amekaa kwenye stuli ananitazama.

Kisu kiwe na wembe mpya. Unapitisha mara moja kwa kushindilia, si kwa kukeketa kama msumeno. Ukikeketa, ukingo unabaki na meno, na meno ndipo maji yanapoanzia. Kila kipande kiwe kidogo kuliko patani kwa milimita tatu hadi tano pande zote, mkeka usipande kwenye mkunjo wa faiba. Kona usiziache na ncha. Naweka sarafu ya shilingi 200 kwenye kona, nazungushia kalamu, nakata hapo. Kona ya mviringo haina pa kukamatwa na kidole cha mguu.

Muda? Patani asubuhi nzima, kukata saa moja au mbili. Ukiwa unafanya mwenyewe mara ya kwanza, tenga siku mbili na usiwe na safari ya kesho.

Gundi

Hapa ndipo ulinganisho wenyewe ulipo, hayo mengine ni maandalizi.

Gundi ya stika ni safi, haina harufu, inasamehe kidogo: ukikosea katika sekunde za mwanzo unaweza kunyanyua. Inataka uso laini, safi, mkavu, na trei isiyo na mviringo mkali. Faiba ya zamani yenye viraka haiko hivyo. Pia ikishachoka stoo au kwenye joto la kontena hakuna cha kuifufua. Utalazimika kuikwangua, ambayo ni kazi ya kumkosanisha mtu na mke wake.

Gundi ya kopo ni ile ya njano wanayotumia mafundi viatu kuunga soli, na sisi wa siti tunaitumia kila siku. Inapakwa pande zote mbili, faiba na povu, inaachwa ikauke, halafu vinakutanishwa. Inafuata mabonde ya faiba, inavumilia maji, na kopo linauzwa popote kuna wauza ngozi. Ubaya wake ni mmoja: vikishagusana, vimegusana. Hakuna kusogeza hata nywele.

Ya kuzibia tyubu tusahau. Si ya kazi hii: jua la mchana linailegeza, petroli ikimwagika inailainisha, na mashine za viharusi viwili hazikosi tone la petroli karibu. Supaglu inakauka ngumu kama kioo, povu likipinda inakatika. Silikoni inashika faiba vizuri lakini EVA inaivua kama ganda la karanga, na ikishagusa faiba, gundi nyingine yoyote baadaye haitashika hapo bila msasa wa kutoka jasho. Ukiambiwa mashine "imewekwa silikoni kidogo tu", ongeza bei.

Kwa hiyo naamua hivi: faiba ya kiwandani isiyoguswa na seti mpya kabisa, stika inatosha. Vingine vyote, gundi ya kopo. Na kwa kuwa mashine nyingi zilizonijia ni "vingine vyote", nakwambia nunua pande lisilo na gundi.

Lakini kopo zuri juu ya uso mbaya ni hasara ileile. Mashine za huku zimepigwa rangi ya gari. Nani hajui, rangi ya spreya, inang'aa, mwenye nayo anaringa. Ukibandika mkeka juu ya ile rangi, gundi inaikamata rangi kwa nguvu zote, na rangi haijaikamata faiba. Siku ukivuta, unainua mkeka wenye ngozi nyekundu chini yake. Mashine hiyo ndiyo niliyoivalisha mara mbili. Sasa sibandiki juu ya rangi: eneo lote la mkeka nalipiga msasa namba 80 hadi nione faiba imepauka, nafuta vumbi kwa kitambaa, nafuta tena kwa asetoni kwa kitambaa kingine kisicho na rangi, naacha iruke. Asetoni usiimwage, lowesha kitambaa, na usivuke mpaka wa tepu kwa sababu inaiyeyusha ile rangi anayoringia mwenyewe.

Gundi ya zamani inatoka kwa joto na uvumilivu. Drayeri ya nywele ya saluni inatosha, pamoja na kikwangulio cha plastiki. Chuma kinachimba faiba.

Faiba naipaka mara mbili, ya kwanza ikauke kabisa. Povu mara moja, nyembamba, hadi pembeni. Halafu kusubiri. Dakika 15 hadi 20 kwa kawaida. Saa usiitazame sana, gusa kwa mgongo wa kidole: kikinata, bado; kikigusa kama karatasi ya mkate, tayari. Watu wana haraka hapa. Gundi ikifunikwa bado mbichi, hewa yake inakosa pa kutokea, chini ya povu inabaki uji kwa siku kadhaa, na utaona mapovu juu kama ugali unaochemka.

Sasa hali ya hewa, maana gundi haijali ujuzi wako. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, na Julai asubuhi baridi ya Meru haina mchezo. Gundi baridi haikauki, inadanganya. Mwezi huo nabandika kati ya saa sita na saa tisa mchana, na faiba nimeianika juani kwanza hadi iwe vuguvugu. Wakati wa masika kuna kitu kingine: gundi inapokauka inapoa, na hewa yenye unyevu inaacha utando wa maji juu yake, inakuwa na weupe kama glasi ya soda baridi. Ukiona weupe huo, usikutanishe. Pasha kwa drayeri hadi upotee, au ahirisha. Moshi wako chini kuliko sisi na wana joto, kazi yao ni rahisi zaidi, ila Aprili kule mvua nayo haiulizi. Na popote ulipo, fungua milango. Mvuke wa ile gundi unashika moto. Jiko la mkaa la mama anayetuuzia chai ninaliomba lihamishwe nje kabla sijafungua kopo, na sigara sitaki kuziona.

Kulaza: weka fito nyembamba au mabua ya magazeti yaliyoviringishwa juu ya faiba, tandika kipande juu yake kisiguse gundi, linganisha mstari wa katikati na mstari wa katikati, kisha toa fito moja moja ukianzia katikati kwenda nje, ukisukuma hewa kwa kiganja. Sakafu kwanza, kingo baadaye. Maliza kwa rola ya mbao au chupa ya soda, na uzito wako wote uwe kwenye ukingo wa nyuma. Tundu la kutolea maji lisifunikwe; likate tu kwa wembe ukiona umelipitiliza.

Baada ya hapo saa 24 bila maji. Saa 48 ikiwa ni Julai.

Unene na mistari

Hapa pafupi. Povu la karibu milimita 3 linafuata mviringo na linafaa kingo za pembeni. La milimita 5 au 6 ni la sakafuni. Anayeweka la 6 kote atapigana na kingo, anayeweka la 3 kote atayakumbuka magoti yake jioni.

Mistari inayotoka mbele kwenda nyuma inatoa maji haraka, lakini mguu ukiteleza kwenda nyuma hauna kinachouzuia. Iliyokingama inazuia mguu na kushika maji. Ya almasi inafanya yote mawili kwa kiasi, ndiyo ninayoipendekeza kwa asiye na ubishi. Mifereji ikiwa mikubwa mno inashika vizuri na kuchubua vizuri vilevile, kwa hiyo mtu anayejifunza, ambaye atalala na kupiga magoti mara 30 kwa siku, achukue midogo.

Basi nani achukue nini

Juzi kanipigia kijana wa Moshi, sauti ya haraka.

"Shikamoo fundi. Nina SX-R ya 2017, safi, mkeka wake wa asili umeanza kuisha mbele tu. Nifanyeje?"

"Marahaba. Imewahi kupigwa rangi?"

"Haijawahi."

"Mwaka una uhakika?"

"Kadi ninayo."

Huyo nilimwambia aagize seti ya mashine yake na mwaka wake, asinilipe mimi. Ana uso wa kiwandani, ana mwaka wa uhakika, na mashine ya uzito ule si ya kubeba juu ya Fuso kuja Arusha na kurudi kwa kazi anayoweza kuifanya mwenyewe uani. Nikamwongezea sharti moja: akiifungua aikute ina mikunjo, asibandike, anitumie picha.

Mwenye SuperJet ya miaka ya 1990 yenye viraka, na hao ndio wengi wetu, anunue pande zima la almasi la milimita 5 au 6 kwa sakafu, kipande cha 3 kwa kingo, kopo la gundi ya njano, na soli ngumu kidogo kwa ajili ya magoti. Akishindwa kukata amtafute fundi siti yeyote anayeaminika, si lazima awe amewahi kuona jetski. Mwenye kujua patani na gundi anajua nusu ya kazi, nusu nyingine ameisoma hapa.

Anayekodisha kwa wageni ufukweni ni tofauti kidogo. Mikeka yake itakufa mapema hata iwekwe na malaika, kwa sababu kila mgeni anaanza upya kupiga magoti. Huyo simshauri seti. Anunue mapande mawili mara moja, ahifadhi patani za magazeti, na akate kipande kilichochoka tu. Patani zangu zote nimezitundika ukutani kwa misumari, kila moja ina jina la mashine na mwaka, zinafanana na nguo za watoto wembamba.

Na mwenye bajeti ya mkeka wa mazoezi? Abaki na faiba tupu kwanza, avae viatu vya raba vyenye soli laini, akusanye pesa. Faiba tupu inateleza na unaijua inateleza. Mkeka unaobanduka unakuangusha siku uliyouamini, na Nyumba ya Mungu kuna viboko na mamba, si mahali pa kuelea ukitafuta godoro lako.

Kabla hujaipandisha kwenye trela, piga magoti nyuma ya mashine, pitisha ukucha kwenye ukingo wa nyuma kutoka kushoto hadi kulia, polepole. Ukucha ukiingia mahali, hata kwa milimita moja, nyanyua kidogo kwa kijiti cha meno, ingiza gundi kwa brashi kuukuu ya rangi ya kucha, subiri ikauke kwa kidole kama kawaida, kandamiza, weka tofali juu yake. Safari ahirisha hadi kesho yake.